Dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya mafuriko ni ipi?

Wazee wetu walikwisha kusema kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na methali hiyo imetutosha sisi watu wa pwani kwa mambo mengi. Mwenye kuanika nazi akiona weusi upande wa kusini huanua. Mwenye chombo akiona upepo umegeuka hushusha tanga. Lakini iko pwani nyingine, si ya maji ya chumvi bali ya maji matamu, ambako methali hiyo huwaacha watu njiani. Huko mtu huweza kuamka asubuhi akaona mbingu ni nyeupe, jua limewaka, akaanika dagaa wake, na kabla ya jua kuchwa akayakuta maji yamo ndani ya nyumba yake. Hakuona wingu hata moja. Mvua iliyomfurisha ilinyesha mbali, katika milima ambayo yeye haioni hata akipanda juu ya paa.

Pwani hiyo ni ya Sori na vijiji vya jirani zake, huko Nyatike, kaunti ya Migori. Leo, ndugu msomaji, nataka tufunge safari ya fikra mpaka huko, kwa sababu wataalamu wa ulimwengu wanasema wamepata dalili mpya ya mafuriko. Si wingu, si chura, wala si siafu wenye kuhama. Ni kompyuta iliyofundishwa kukisia. Tuitazame habari hii kwa makini, tujue ndani yake kuna kweli gani, kuna pengo gani, na sisi wa Mombasa, Lamu, Tana na Unguja inatuhusu nini.

MJI ULIO GHUBANI

Sori ni mji wa wavuvi katika ghuba ya Karungu, ukingoni mwa Ziwa Victoria, ambalo wenyeji Wajaluo huliita Nam Lolwe. Ukishika njia ya Homa Bay, ukapita Mbita na Sindo, ukaizunguka milima ya Gwassi, ndipo unaposhukia Sori. Ukiendelea kusini utafika Muhuru, na mbele yake ni mpaka wa Tanzania. Mji ni mdogo lakini sifa zake ni za zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ofisi za serikali ya kikoloni hazijahamishiwa Kisii, watawala Waingereza wa upande huo walikaa Karungu. Septemba 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuwa vichanga, meli za Waingereza na za Wajerumani zilipambana katika ghuba hiyo. Na mwaka 1911 Mwingereza mmoja, Felix Oswald, alichimbua karibu na hapo mifupa ya wanyama wa kale waliokwisha kutoweka duniani.

Bara yake, upande wa Macalder, iko Thimlich Ohinga, boma kubwa la kuta za mawe yaliyopangwa bila ya udongo wala saruji. Wataalamu wanakisia kwamba lilijengwa yapata karne ya 16, na mwaka 2018 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Waliolijenga walilikalisha kilimani. Shabaha yao ilikuwa usalama wa watu na mifugo, lakini mtu akisimama hapo hakosi kuwaza kwamba watu wa kale hawakupenda kulala bondeni.

Watu wa leo hawana hiari hiyo. Riziki iko ufuoni: sangara, ngege na wale dagaa wadogo waitwao omena, ambao sisi huwanunua mpaka katika masoko ya Mombasa. Na riziki nyingine iko katika udongo mweusi wa uwanda wa Mto Kuja, ambao huzaa kwa sababu mto huuletea mbolea kila ufurikapo. Kwa hivyo kumwambia mtu wa Nyatike ahame bondeni ni kumwambia ahame sahani yake.

MAFURIKO YA NAMNA TATU

Aghalabu husikia redioni neno moja tu, mafuriko, tukadhani kuwa ni jambo moja. Upande wa Sori yako ya namna tatu, na kila namna ina tabia yake. Asiyeyapambanua hawezi kujua kompyuta inaweza nini na haiwezi nini.

Namna ya kwanza ni ya mto. Mto Kuja, ambao juu huitwa Gucha, huzaliwa katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, mahali penye mvua nyingi na watu wengi. Huteremka kwa kishindo. Huko Gogo una maporomoko yaliyotiwa mtambo mdogo wa umeme tangu miaka ya 1950. Hupokea maji ya Mto Migori, kisha hutoka milimani na kuingia katika uwanda wa Nyatike ulio bapa kama sinia. Hapo mbio zake hukatika. Maji yaliyokuja kwa haraka hukosa pa kwenda, hupanda kingo, na huenea mashambani katika vijiji kama Kabuto na Angugo. Mwaka 2020 mto ulivunja kingo, na mwaka 2024 ukazivunja tena. Watu wakahama na vyombo vyao vichwani, na wengine wakahamia madarasani. Hii ndiyo gharika ijayo bila ya wingu, kwani wingu lake lilikuwa Kisii.

Namna ya pili ni ya ziwa lenyewe. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kama bahari yetu. Hupanda polepole kwa miezi na miaka, na likipanda halina haraka ya kushuka. Sehemu kubwa ya maji yake hayaletwi na mito bali ni mvua inyeshayo juu ya ziwa, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja, Uganda. Baina ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda kiasi cha mita mbili na nusu, na wazee wa ufuoni waliyapima mambo mengine yote kwa msiba huo. Ikadhaniwa kwamba hautarudi. Mwezi wa Mei 2020 maji yakafikia na kuipita alama ya 1964. Mwaka 2024 yakapanda tena zaidi. Magati yalizama, vibanda vya samaki vilizama, na miti iliyokuwa ya kivuli ikawa imesimama majini.

Namna ya tatu ni ya makorongo. Mvua kubwa ikipiga milima ya Gwassi kwa saa moja, vijito ambavyo mwaka mzima ni mchanga mtupu huteremsha maji, matope na mawe. Gharika hii haingoji mtu. Huja usiku na huondoka kabla ya alfajiri, na yaliyokuwa njiani pake huwa yamekwenda nayo.

BAHARI YETU IMO KATIKA KESI HII

Hapa msomaji wa pwani asiseme: haya ni ya Wajaluo, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu, kwani chanzo cha mvua hizo kwa sehemu kubwa ni bahari hii tunayoogelea.

Mabaharia wetu waliijua bahari kwa upepo: kaskazi na kusi, tanga mbili na matlai. Waliihesabu miaka kwa Nairuzi, wakaigawa siku zake makumi makumi, kila kumi mwongo wake, na nahodha alijua mwongo gani ni wa kusafiri na upi ni wa kufunga chombo. Wataalamu wa leo wameongeza kipimo cha joto la maji. Wamegundua kwamba iko miaka ambayo maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi hupata joto kuliko kawaida, na ya upande wa Indonesia hupoa. Ikiwa hivyo, mvua za vuli katika Afrika Mashariki huzidi mpaka. Mwaka 1961 ilikuwa hivyo. Mwaka 1997 ilikuwa hivyo, pamoja na El Niño; na sisi Mombasa hatukuisahau Oktoba ya mwaka huo. Mwaka 2019 ilikuwa hivyo kwa nguvu sana, na mwaka 2023 pia. Tazama sasa: 1961 ndio mwaka ziwa lilipoanza kupanda, na mvua za 2019 ndizo zilizolijaza mpaka Mei 2020. Maji yaliyoingia nyumbani kwa mvuvi wa Sori yalipata joto lake upande wetu.

Tena mkasa wa Kuja ni pacha wa mkasa wa Tana. Mtu wa Garsen naye hufurishwa na mvua isiyomnyeshea. Hunyesha Mlima Kenya na Nyandarua, hujaza mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha hufurika na kuteremka mpaka Tana Delta chini ya jua kali. Novemba 2023 barabara ya kwenda Lamu ilikatwa hivyo hivyo. Basi lolote litakalomfaa mtu wa Sori, litamfaa na mtu wa Garsen.

AKILI ILIYOFUNDISHWA

Jambo lenyewe wengine huliita akili mnemba, wengine akili unde, wengine akili bandia. Jina lolote tukilipenda, tusidhani kwamba ndani ya kompyuta mmeketi jini mwenye elimu. Ni hesabu. Ila ni hesabu za namna ya kujifunza kwa mifano, kama mwana wa nahodha ajifunzavyo kwa kukaa na baba yake shetrini.

Zamani mtaalamu wa mito aliyetaka kukisia mafuriko ilimlazimu aujue mto wenyewe: kina chake, upana wake, udongo wake, mteremko wake. Kila mto ulitaka hesabu yake, na kila hesabu ilitaka vipimo vya miaka mingi. Mito ya Ulaya na Marekani imewekewa vipimo hivyo kwa miaka mingi. Yetu mingi haina, au ilikuwa navyo vikachukuliwa na maji.

Njia mpya ni nyingine. Kompyuta hupewa kumbukumbu za mito maelfu ya ulimwengu: mvua kiasi gani ilinyesha, joto lilikuwaje, ardhi ni ya namna gani, kisha mto ulijaa kiasi gani. Hukisia, hukosea, hurekebishwa, hukisia tena, mara nyingi zisizohesabika, mpaka makosa yapungue. Aina moja ya hesabu hizi, iliyobuniwa mwaka 1997 na Sepp Hochreiter na Jürgen Schmidhuber, ina sifa ya kukumbuka mambo ya nyuma kwa muda mrefu na kusahau yasiyo na faida. Sifa hiyo ndiyo iliyofaa kwa mito. Mvua ya leo ikinyeshea ardhi kavu hunyonywa. Ikinyeshea ardhi iliyokwisha kushiba kwa mwezi mzima hutiririka yote. Mkulima wa Kisii analijua hilo bila ya kompyuta. Kompyuta nayo imelijua kwa kuonyeshwa mara nyingi.

Kampuni ya Google ilianza majaribio ya kazi hii mwaka 2018 huko Patna, India. Mwezi wa Machi 2024 wataalamu wake walichapisha matokeo katika jarida la sayansi la Nature. Walitumia kumbukumbu za vituo 5,680 vya kupimia mito, na walidai kwamba makisio yao ya siku tano mbele yanakaribia kuaminika sawa na yale ya mtambo wa Ulaya ya siku ile ile. Kilicho kikubwa kwetu ni kwamba hesabu iliyojifunza kwa mito yenye vipimo huweza kukisia mito isiyo na vipimo. Mwisho wa mwaka 2024 kampuni hiyo ilisema ramani yake, iliyo wazi kwa kila mtu bila ya malipo, imefikia nchi 100.

Si wao peke yao. Kituo cha hali ya hewa cha nchi za IGAD, kiitwacho ICPAC, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford na Shirika la Chakula Duniani, wamefanya kazi na idara za hali ya hewa za Kenya na Ethiopia ili akili hii isaidie kusahihisha makisio ya mvua. Faida yake ni kwamba kazi iliyokuwa ikihitaji kompyuta kubwa mno za nchi tajiri huweza kufanywa na ofisi zetu kwa mashine za kawaida. Hilo ni jambo la kulifurahia, kwani mwenye kuazima ngoma hachezi apendavyo.

Sasa turudi kwenye namna tatu. Kwa mto mkubwa utokao mbali, akili hii ina nguvu, kwani maji yako safarini na kuna wakati wa kuhesabu. Kwa ziwa, haja yake ni ndogo, kwani ziwa hupanda polepole na kipimo cha kawaida humwambia kila mtu ukweli miezi mingi mbele, ikiwa yuko wa kusikiliza. Kwa makorongo ya Gwassi bado ni dhaifu, kwani wingu la saa moja juu ya kilima kimoja ni gumu kukisiwa, na korongo jembamba halionekani vizuri katika picha za kutoka angani. Kwa hivyo anayemwambia mtu wa Sori kwamba mashine itamwonya kwa kila gharika anamdanganya. Itamwonya kwa moja, na huenda moja hiyo ikatosha kuokoa ng'ombe wake na watoto wake. Kwa ile ya usiku, bado sikio la jirani ndilo kengele.

RAMANI NA MAGUU YA WATU

Kukisia kwamba maji yatakuja ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua yatafika wapi: mlango huu au ule, skuli hii au ile. Kazi hiyo ni ya ramani.

Ramani za mafuriko hutengenezwa kwa vipimo vya vimo vya ardhi vilivyochukuliwa kutoka angani, kama vile vilivyopigwa Februari 2000 na chombo cha Marekani kilichozunguka dunia. Huongezwa picha za setilaiti zenye kupenya mawingu, ambazo huonyesha maji yalipoenea, na akili mnemba huhesabu nyumba kutoka juu, bati kwa bati. Ni kazi ya ajabu. Lakini vipimo vile vya angani huweza kukosea kwa mita kadhaa. Katika milima ya Kisii mita mbili si kitu. Katika uwanda wa Nyatike, mita mbili ndizo tofauti ya mwenye kulala kitandani mwake na mwenye kulala juu ya mti.

Dawa ya kosa hilo imekwisha kuonekana Dar es Salaam. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40, ulizuka mwaka 2015 mpango ulioitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wenyeji wa mitaa walitembea kwa miguu, wakachora mifereji, vichochoro na madaraja ambayo ramani za serikali hazikuwa nayo. Kisha wakawauliza wakaazi swali moja jepesi: mafuriko yaliyopita, maji yalifika wapi? Watu wakaonyesha: magotini, kiunoni, mpaka alama ile ya ukutani. Hakuna setilaiti iwezayo kuuona ukuta kwa ndani.

Unguja na Pemba nazo zilipigwa picha kuanzia mwaka 2016 kwa ndege ndogo zisizo na rubani, kazi iliyoongozwa na Kamisheni ya Ardhi na kushirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mwaka 2018 picha hizo zilitolewa kwa mashindano ya kuifundisha kompyuta kutambua majumba: lililokamilika, linalojengwa, na lililo msingi tu. Basi mashine zilizojifunza kuhesabu nyumba za Kiafrika zilijifunza baadhi ya masomo yao Visiwani. Hatupaswi kulizungumza jambo hili kama wageni.

Lakini ramani ina pande mbili, na hapa ndipo panapotaka uangalifu. Ramani ile ile imwonyayo mtu kwamba yuko katika njia ya maji, huweza kesho kuwa hati ya kumfukuza. Dar es Salaam, watu wa bonde la Msimbazi walihamishwa na wengine wakavunjiwa. Nairobi, baada ya mafuriko ya masika ya 2024, tingatinga ziliingia Mathare na Mukuru kubomoa nyumba za maskini zilizo kando ya mto. Haki ya serikali kulinda roho za watu siikanushi. Ninalosema ni kwamba mwenye kutoa habari za nyumba yake kwa hiari, ili aokolewe, ana haki ya kujua habari hizo zitafanya kazi gani nyingine. Wavuvi wa Sori wakiulizwa maji yalifika wapi, nao na waulize: mkishajua, mtatufanya nini?

MBIU YA MGAMBO

Tuseme makisio ni sahihi na ramani ni nzuri. Nani atakwenda kumwambia mtu? Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini mgambo wa leo ni simu ya mkononi, na si kila mtu anayo, si kila pahala pana mtandao, na si kila lugha iko ndani yake. Bibi wa Nyatike aliyezoea Kijaluo akipelekewa Kiingereza cha asilimia na rangi, hakupelekewa kitu. Redio za lugha za nyumbani, machifu, kamati za wavuvi za kila ufuo, wahubiri na maimamu: hao ndio mgambo wa kweli.

Uko mfano mzuri hapo hapo magharibi ya Kenya. Huko Bunyore, kaunti ya Vihiga, wako watu wa ukoo wa Nganyi waliosifika kwa vizazi vingi kwa kuijua mvua, kwa kutazama miti, wadudu, ndege na upepo. Tangu yapata mwaka 2008 wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa, ICPAC na Chuo Kikuu cha Maseno walikaa nao pamoja, kila upande ukaleta makisio yake, na yakatolewa kwa watu kwa sauti moja. Hata redio ndogo ikafunguliwa kwa ajili hiyo. Sikutaja habari hii ili tuingie katika ushirikina. Nimeitaja kwa sababu ilithibitisha jambo ambalo mashine haiwezi kulihesabu: mtu huliamini neno kwa sababu anamwamini aliyelisema.

Na imani hiyo ni mali yenye kwisha. Onyo likitolewa leo, mwanamke akaacha shamba, akabeba watoto, akalala nje siku tatu na maji yasije, akirudi akakuta kuku wameibiwa, onyo la pili hatalisikia. Na huenda la pili ndilo la kweli. Wataalamu husema kila onyo lina kadiri ya uwezekano, na watu waambiwe kadiri hiyo waziwazi. Mtu wa ziwani anaweza kuielewa. Kila jioni aingiapo majini anapima hatari kwa akili yake, wala hangoji yakini.

GHAIBU NA MAANDALIZI

Ndugu zetu wengine huenda wakauliza: kukisia mvua na gharika si kujitia katika elimu ya ghaibu, ambayo ni ya Mwenyezi Mungu peke yake? Swali ni la haki na lisidharauliwe.

Jibu ni kwamba mashine haijui ghaibu. Inayatazama maji yaliyokwisha kunyesha na kuhesabu yatafika lini, kama nahodha atazamavyo nyota na kusema kesho tutaiona Pemba, inshallah. Hukosea naye, na huo ndio ushahidi kwamba si mwenye kujua ghaibu. Na kutawakali hakukuwa kamwe kukaa bure. Kile kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, na yule mtu aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga kila mtoto wa chuoni anakijua: mfunge, kisha utawakali.

Tena tukumbuke visa viwili. Nabii Nuhu aliijenga safina nchi kavu, mbingu zikiwa nyeupe, na watu wakamcheka. Nabii Yusuf alipoifasiri ndoto ya mfalme wa Misri hakusema tu kwamba miaka saba ya njaa inakuja. Alionyesha la kufanya: limeni, wekeni akiba ya nafaka ingali katika mashuke yake. Kisha akaomba asimamie ghala mwenyewe. Khabari na ghala vilikwenda pamoja. Lau khabari ingekuja bila ya ghala, Misri ingekufa njaa huku ikijua.

Hapo ndipo penye moyo wa jambo hili lote. Sori ikijua siku tano mbele kwamba Kuja anakuja, je, mashua ya kuwavusha watu ipo? Skuli ya mlimani imefunguliwa? Yuko mwenye lori la kubeba mahindi? Katika nchi kama Msumbiji na Nigeria yamefanywa majaribio ya kuwapa watu fedha taslimu mara onyo litokapo, kabla ya maji kufika, ili mtu akodi gari, ahamishe mifugo, anunue chakula kingali rahisi. Shilingi moja ya kabla ya gharika humfaa mtu kuliko blanketi la baada yake. Huko ndiko kujenga ghala la Yusuf kwa desturi ya zama hizi.

Na kipimo cha mto kisisahauliwe. Akili yote hii, kwa ukubwa wake, hulishwa na vijiti vya kupimia maji vilivyosimama mitoni na mtu mmoja anayeamka asubuhi kuvisoma na kuandika daftarini. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo yenye kazi hiyo nchini Kenya. Kijiti kikichukuliwa na maji kisirudishwe, au msomaji wake asipolipwa, kompyuta ya California haitajua, wala haitalia. Itaendelea kukisia kwa kubahatisha.

Sisi tulio mbali na Sori tuna la kufanya pia. Mafuriko yajayo, iwe ni Tudor, Kisauni, Garsen, Malindi au Jang'ombe, yakishakauka mtu achukue rangi na apige mstari ukutani pale maji yalipofika, aandike na tarehe. Haimgharimu kitu. Siku atakapokuja kijana na kompyuta yake akidai kwamba nyumba hiyo iko juu ya hatari, utamshika mkono na kumwonyesha mstari.